Wafo Zilizogoma Kuumuka

Kila Jumamosi asubuhi, kazi za nyumba ile ziligawanywa kabla watu hawajamaliza kupiga miayo. Bibi alichambua mchele barazani huku redio yake ndogo ikinong'ona karibu na sikio. Kwanini, mtoto wa mwisho, alikusanya viatu vya nyumba nzima na kuvipanga mlangoni, na kila kiatu alichokishika alikitafutia swali. Dada yake Chapuchapu alifagia, akaosha vyombo, kisha akadeki sebule.

Hayo hayakuwa majina yao ya shule. Chapuchapu aliitwa hivyo na bibi yake kwa sababu ya haraka zake. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na tangu aanze kushika ufagio, taka zilikuwa zikihamia chini ya kochi badala ya kutoka nje. Vikombe alivyoviosha vilibaki na povu kwenye mshikio. "Mjukuu wangu," Bibi alikuwa akimwambia, "siku uliyozaliwa, mkunga alikudaka hewani." Ama Kwanini, mtu yeyote aliyewahi kukaa naye kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai hakuhitaji kuelezwa jina lilitoka wapi.

Jumamosi hiyo ilikuwa na jambo lake. Baba yao, dereva wa malori ya safari ndefu, alikuwa njiani kurudi nyumbani baada ya wiki nyingi. Safari iliyopita alikuwa amekuja na mashine ya kupikia wafo, zile keki bapa zenye vijumba kama sega la nyuki. Mashine yenyewe ilifanana na kitabu kizito cha chuma: unaifungua, unamimina rojo la unga katikati, unaifunika, na baada ya muda unatoa wafo iliyoiva pande zote mbili. Baba aliitwa kazini kabla hajaonja hata moja. Usiku uliopita alikuwa amepiga simu.

"Kesho mchana nipo nyumbani," alisema. "Chakula cha njiani kimenifika hapa shingoni. Nataka nizikute hizo wafo mezani."

Mama alikuwa muuguzi. Asubuhi hiyo alirudi kutoka zamu ya usiku akiwa na macho mekundu na miguu iliyovimba. Hata hivyo alitandaza vitu vyote juu ya meza ya jikoni: unga wa ngano, sukari, chumvi, maziwa, siagi, trei ya mayai, na kopo jipya la baking poda, ule unga mweupe unaoumua keki.

"Mwanangu," akamwambia Chapuchapu, "mimi naenda kuoga, nijinyooshe kidogo. Wewe nichanganyie vitu vikavu kwenye bakuli kubwa. Unga, sukari, chumvi kidogo na baking poda. Uchekeche vizuri. Weka vya kutosha kupika mara mbili, maana Baba yako akianza kula haulizi wenzake."

"Sawa, Mama. Hiyo kazi rahisi."

Ilikuwa rahisi kweli, mpaka alipofika kwenye kopo. Kifuniko kilikuwa kimeng'ang'ania kama kimegandishwa kwa gundi. Chapuchapu akakivuta, kikagoma. Akakizungusha, kikagoma. Akakishika kwa kitambaa, akakibana kifuani, akakivuta kwa meno mpaka fizi zikamuuma. Kikagoma vilevile.

"Kopo gani hili!" akafoka.

"Kwa nini unaling'ata?" akauliza Kwanini kutoka mlangoni.

"Toka hapa!"

Nje, wenzake walikuwa wameanza kuruka kamba. Alisikia kamba ikipiga chini, na sauti zikimwita: "Chapuchapu! Zamu yako inapita!" Akalitazama kopo kwa chuki. Nitalifungua nikirudi, akajiambia. Akalisukuma nyuma ya mfuko wa unga, akakoroga vile vilivyokuwemo bakulini kwa kijiko bila kuchekecha, akatoka mbio.

Alikuwa katikati ya kamba Mama alipomwita dirishani, nywele zikiwa bado zina maji.

"Umechekecha?"

"Nimechekecha!"

"Na baking poda umetia?"

Ilikuwa rahisi kusema bado. Lakini kusema bado kulimaanisha kuitwa ndani, kuambiwa kila kitu anakifanya nusunusu, na kupoteza zamu yake. Jibu likamtoka kabla hajalipima.

"Nimetia!"

Alipoingia ndani kumsaidia Mama, jambo la kwanza alilofanya ni kulichukua lile kopo na kulitumbukiza ndani kabisa ya kabati.

Mama akachota nusu ya unga ule, akapasulia mayai, akamimina maziwa na siagi iliyoyeyushwa, akakoroga. Mashine ikapata moto, taa yake ya kijani ikawaka. Akamimina upawa mmoja, akafunika. Watu wote wakasogea, hata Bibi akaja na kiti chake. Mvuke ukatoka ubavuni, ukapungua, ukaisha. Mama akafunua.

Kilichokuwa mle ndani kilikuwa kitu chembamba, kigumu upande wa chini, cheupe upande wa juu. Vijumba havikuwepo, palikuwa na mikunjo tu kama ya shuka lililolaliwa. Mama akakiinua kwa mwiko. Hakikukunjika.

"Hii ni soli," akasema Bibi.

"Mama, hii ni ya kwanza," akajibu Mama. "Ya kwanza huwa haitoki vizuri. Mashine bado haijashika moto."

Ya pili ikatoka kama ya kwanza. Ya tatu ikatoka mbaya kuliko dada zake. Mama akachomoa waya, akahamisha mashine kwenye soketi ya sebuleni. "Umeme wa jikoni ni mdogo," akasema. Umeme wa sebuleni nao ukatoa soli. Kwanini akamrushia paka kipande. Paka akakinusa, akamtazama Kwanini kana kwamba ametukanwa, akaondoka zake.

"Kwa nini paka hataki?"

"Kwanini, mwanangu, nakuomba," akasema Mama huku amefumba macho. "Nyamaza kwa muda wa dua moja tu."

Akamwaga rojo lote lililobaki, akaanza upya na nusu ya pili ya unga. Safari hii alipiga mayai mpaka mkono ukamuuma. Chapuchapu alisimama karibu na sinki akiosha kijiko ambacho alikuwa amekwisha kukiosha. Kila Mama alipomimina upawa, yeye alijikuta akiiombea wafo iumuke yenyewe, kwa huruma tu. Haikuumuka. Soli zikarundikana sahanini, na saa ya ukutani haikumngoja mtu.

"Mimi sisemi kitu," akaanza Bibi, na kila mtu alijua kwamba sasa anasema. "Lakini mayai ya siku hizi, mkwe wangu, ni ya kuangalia mara mbili. Yai zuri linainua kitu."

Mama akauweka chini upawa. Uso wake ulikuwa umebadilika. Alikuwa amekesha na wagonjwa, mume wake yu karibu kufika, mkwewe anamtazama, na mezani pana kilima cha soli. Mtu aliyechoka hivyo hutafuta mahali pa kuipeleka hasira yake, na sasa alikuwa ameelekezwa.

"Mayai!" akasema. "Nimeyanunua jana tu. Chapuchapu, beba hiyo trei. Twende kwa Mama Mayai."

Chapuchapu akaibeba trei kwa mikono miwili, akamfuata Mama aliyekuwa akitembea kama anayewahi ambulansi.

"Mama," akasema walipovuka barabara.

"Nini?"

"Labda... labda si mayai."

"Usinieleze kitu sasa hivi, nina hasira. Tembea, na usiyavunje."

Ukweli ambao asubuhi ulikuwa mwepesi kama unyoya, sasa ulikuwa mzito kuliko trei aliyoibeba.

Mama Mayai alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye aproni ya buluu, aliyeuza mayai kwenye kibanda mkabala na zahanati. Wakati huo alikuwa akimhudumia mpishi wa mkahawa wa jirani, mwanamume mnene aliyenunua trei nyingi kila asubuhi. Alipomwona Mama, alitabasamu.

"Karibu, jirani! Umetoka kazini salama?"

"Salama yangu umeiharibu wewe," akajibu Mama kwa sauti ambayo watu wa upande wa pili wa barabara waliisikia. "Jana umenipa mayai gani? Nimepika mara mbili, mara mbili nimetupa! Mume wangu anakuja, nimpe nini? Mawe?"

Tabasamu la Mama Mayai likayeyuka. "Jirani, mayai yangu yametagwa juzi. Hebu tuyaangalie." Akachukua mawili kutoka kwenye trei ya Chapuchapu, akayatia kwenye bakuli la maji. Yakazama, yakalala chini kwa ubavu, yametulia. "Unaona? Yai bovu huelea."

"Kuzama yamezama, lakini keki haijapanda! Mimi nina ushahidi nyumbani, sahani nzima!"

Mpishi wa mkahawa alikuwa ameshakumbatia trei zake. Akayatazama mayai, akamtazama Mama, akaziweka trei mezani moja moja.

"Mimi nalisha watu wengi," akasema. "Sitaki lawama. Leo nitachukua sokoni."

"Lakini kaka—" akaanza Mama Mayai. Mpishi alikuwa ameshaondoka. Mwanamke mwingine aliyekuwa akingoja zamu yake akafunga mkoba, akaondoka naye.

Mama Mayai akafuta mikono kwenye aproni, ingawa ilikuwa imekwisha kukauka. Akageuka, akatoa trei nyingine kutoka nyuma ya kibanda, akaisukuma mbele ya Mama.

"Chukua haya badala yake, jirani," akasema taratibu. "Kama nimekukosea, nisamehe."

Chapuchapu alikuwa ameweza kuvumilia soli, hasira za Mama na maneno ya Bibi. Hili lilimshinda. Mtu asiye na kosa alikuwa akiomba msamaha, na mwenye kosa amesimama pembeni ameshika trei.

"Si mayai!" akapaza sauti, machozi yakimtoka. "Ni mimi! Sikutia baking poda. Kifuniko kilinishinda kufungua. Nikasema nimetia, na sikutia. Wala sikuchekecha."

Mama akageuka polepole. Chapuchapu alingoja kofi, au angalau ukelele. Havikuja. Mama alimtazama kama mtu anayesoma kipimo cha mgonjwa asichokitarajia. Kisha akamgeukia mwenye kibanda, na sauti yake ikawa ndogo.

"Jirani, naona aibu. Nimekuja kwako na moto kabla sijauliza nyumbani kwangu. Nakuomba radhi, mbele ya hawa wapita njia waliosikia nikikufokea."

Mama Mayai alivuta pumzi. "Radhi nimeipokea," akasema. "Wewe umekesha, najua. Lakini mpishi ameondoka na maneno, na maneno hayarudi yenyewe."

"Hayarudi," Mama akakubali. Akamshika Chapuchapu bega. "Umesikia. Nitakusindikiza mpaka mlango wa mkahawa. Ndani utaingia peke yako."

Walimngoja mlangoni mpaka mpishi aliporudi kutoka sokoni. Jiko la mkahawa lilikuwa limejaa mvuke na kelele za sufuria. Mpishi alikuwa akikata vitunguu kwa kasi ya cherehani, na wasaidizi wake wakipishana nyuma yake.

"Shikamoo," akasema Chapuchapu.

"Marahaba. Sema haraka, nina kazi."

Akasema. Aliyasema yote: kopo, kamba, jibu la dirishani, soli, mpaka msamaha aliouomba Mama Mayai bila kosa. Kisu cha mpishi kikazidi kupunguza mwendo, mwishoni kikasimama.

"Ngoja nielewe," akasema mpishi. "Mimi nimekwenda mpaka sokoni, jua hili la kichwa, nimesukumana na watu, nimerudi na mayai madogo kama gololi, na mengine yamevunjikia njiani. Yote hayo kwa sababu ya kifuniko cha kopo?"

"Ndiyo, mjomba. Nisamehe."

Wasaidizi wakaangua kicheko. Mpishi hakucheka. Alijifuta macho kwa kiwiko, na ilikuwa vigumu kujua kama ni kitunguu au ni hasira.

"Nenda kamwambie Mama Mayai kesho nitakuja kama kawaida." Akafikiri kidogo. "La, usimwambie. Nitakwenda mwenyewe jioni. Nimenunua kwake siku zote hizi, nikamhukumu kwa kusikia mtu mmoja anapiga kelele. Hata mimi nina neno la kusema."

Walirudi nyumbani. Bibi alipoelezwa yaliyotokea, alizima redio, jambo ambalo hakuwa akilifanya hata kwa wageni.

"Liko wapi hilo kopo?" akauliza.

Chapuchapu akalitoa ndani ya kabati. Bibi akachukua kijiko, akaingiza mkia wake chini ya ukingo wa kifuniko, akaukandamiza. Po! Kifuniko kikaruka, kikaenda kuzunguka sakafuni. Kwanini akapiga makofi.

"Nilikuwa hapo barazani tangu asubuhi," akasema Bibi. "Ungeniita tu. Nami nisingeyasingizia mayai ya watu."

Mama akakaa kwenye kiti, akanyoosha miguu yake iliyovimba. "Sasa pika wewe," akamwambia bintiye. "Mimi nitatazama."

Chapuchapu akaanza upya. Akapima unga, akatia sukari, chumvi na baking poda, akachukua chekeche.

"Kwa nini unachekecha mara mbili?" akauliza Kwanini.

Kawaida angemfukuza. "Ili baking poda ienee kote," akajibu. "Isipoenea, upande mmoja utapanda na mwingine utalala."

"Na kwa nini hukorogi sana?"

"Mama anasema ukikoroga sana zinakuwa ngumu."

"Na kwa nini hufunui?"

"Mvuke bado unatoka. Nikifunua sasa itapasuka vipande viwili." Hapo mkono wake ulikuwa umeshaushika mshikio wa mashine mara kadhaa na kuuachia. Kungoja kulimchoma kuliko ile mashine yenyewe. Mama aliona, akauma mdomo ili asicheke.

Mvuke ulipoisha, Chapuchapu akafunua. Wafo ilikuwa imepanda mpaka ukingoni, rangi ya asali, vijumba vyake vimesimama sawasawa. Ikatoka bila kuvutwa. Bibi akaigonga kwa ukucha, akaisikiliza kama anayegonga mlango, akasema neno moja tu: "Haya."

Baba akafika wakati sahani inajaa. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alinawa, akaketi, akaimiminia wafo yake asali, na kabla hajaifikisha mdomoni Kwanini akasema, "Baba, leo tumemgombeza Mama Mayai bure!"

Baba akarudisha mkono chini. Akawatazama mmoja mmoja. Chapuchapu angeweza kumwachia Mama aeleze. Badala yake akasogea karibu na kiti cha Baba, akaeleza mwenyewe, safari hii bila kulia, na bila kuruka sehemu yoyote. Wafo ikapoa. Baba hakuigusa mpaka alipomaliza.

"Mimi nikiwa njiani," akasema Baba, "huwa nasikia mlio mdogo kwenye gurudumu. Kwi, kwi. Hapo nina mawili. Nisimame palepale, nichafuke mikono, nichelewe, tajiri anilaumu. Au niongeze sauti ya muziki nisiusikie. Wapo madereva wanaoongeza muziki. Nimewaona. Gurudumu likichomoka kwenye mteremko, halimuumizi dereva peke yake. Linampata mtu aliyekuwa akipita zake pembeni, asiyejua hata lori lenyewe ni la nani."

Akamvuta bintiye karibu.

"Asubuhi ulikuwa na mlio mdogo. 'Mama, bado, kifuniko kimenishinda.' Ungechelewa kuruka kamba, basi. Kukosea si aibu, mwanangu; kila anayefanya kazi hukosea, hata mama yako, hata mimi. Lakini kosa ukilificha halikai mafichoni. Hutoka kutafuta mtu wa kulibeba, na mara nyingi humwangukia asiyehusika. Umenisikia?"

"Nimesikia, Baba."

"Vizuri. Na ulivyokwenda mwenyewe kwa yule mpishi, hapo nimekusikia na mimi." Akauma wafo yake iliyopoa, akatafuna, akanyoosha mkono kuchukua nyingine. "Sasa kabla sijazimaliza, mtengee jirani zake."

Mama akafunika wafo za moto kwa kitambaa safi, na Chapuchapu akazipeleka. Alitembea polepole, sahani ameishika kwa mikono miwili. Mama Mayai alikuwa peke yake kibandani. Akafunua kitambaa, akavunja pembe ya wafo, akaionja huku ametazama mbali. Akavunja pembe nyingine. Kisha akavuta kigoda kutoka chini ya meza, akakipangusa kwa aproni yake ya buluu.

"Kaa hapa," akamwambia Chapuchapu, akimkatia kipande. "Na akipita mtu akauliza mayai yangu yakoje, utamjibu wewe."